Mzigo wa Kwanza wa Jumanne

Jumatatu, 3 Machi

Dada yangu,

Shikamoo. Usishangae kuona karatasi. Simu yako hapo nyumbani inapita mikono ya watu watano kabla haijakufikia, na haya nataka uyasome wewe kwanza, halafu umsomee Mama yale utakayoona yanafaa.

Nimechaguliwa. Usicheke. Masista wenye hospitali hii wamebaki wanne, na mdogo wao ana miaka sitini na nane. Wameamua uongozi wautoe kwetu sisi wafanyakazi wa kawaida, lakini hawataki kutukabidhi funguo tu na kwenda kupumzika. Wanasema kwanza tulelewe. Ndivyo wanavyoita, malezi, miezi minne. Kila idara imetoa mtu mmoja, na idara ya kufua na kuchemsha vyombo vya upasuaji imenitoa mimi niliyeishia darasa la sita. Nilimwuliza Sista Mkuu kama hakukosea jina. Akasema, "Waliosoma ninao. Wewe nimekuangalia miaka minne unavyofunga vifurushi vya vyombo."

Tuko kumi na wawili. Mpishi, ambaye naye yumo, alisema siku ile ya kwanza tumtafute Yuda mapema tusije tukahangaika baadaye. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu.

Kila siku saa moja kamili asubuhi tunakuwa kanisani, sala na ukimya. Kila Jumatano unakaa na mgonjwa mmoja saa nzima, mikono mitupu. Huleti dawa, hubebi ndoo, hutoi mahubiri. Unakaa naye tu. Na kila Ijumaa tunaketi duara, Sista Mkuu anamwuliza kila mtu swali moja: "Wiki hii ulikimbia wapi?" Ukisema hukukimbia, anakuangalia mpaka ukumbuke.

Mimi naogopa kusema mbele za watu, unanijua. Tena wiki iliyopita nilichelewa sala mara tatu. Boila inawashwa saa kumi na mbili, si kabla, na mashine yangu ya mvuke haina haraka. Lazima mvuke upande, mshale ufike alama nyekundu, ndipo uanze kuhesabu nusu saa. Nikifika kanisani wenzangu wako katikati ya zaburi. Sista akasema mbele ya wote, "Kobe wetu amewasili." Sijui nani amewaambia jina ulilonipa utotoni.

Nikimaliza mwezi wa sita nitapewa nyumba ya vyumba viwili. Hapo ndipo Mama aje kutolewa mtoto wa jicho. Kabla ya hapo usimlete. Nalala na wanaume watatu chumba kimoja, na mmoja anakoroma kama boila.

Mdogo wako,
Kobe


Jumatatu, 10 Machi

Kobe,

Marahaba. Nilimsomea Mama barua yote, hata mahali pa boila na mkoromaji. Alicheka, kisha akalia kidogo, kisha akauliza kama viongozi wanavaa suti. Nikamwambia unavaa aproni ya mpira na buti za mvua.

Sasa nisikilize. Wewe umechelewa tangu kuzaliwa. Mkunga alikusubiri siku mbili, nikakusubiri mimi shuleni, na hata shati ulikuwa unafunga kifungo kimoja kwa dakika tano. Huko usinitie aibu. Mtu mzima wa umri wako kuitwa kobe mbele ya masista! Fanya ufanyavyo, uwahi. Hiyo nyumba usiichezee.

Mama sasa anamwaga chai pembeni ya kikombe na kusema kikombe kimesogea. Jana aliingia kwa jirani akidhani ni kwetu, akaketi, akaanza kumgombeza jirani kwa kutofagia. Mwezi wa sita ni mbali kwa mtu asiyeona mlango wake.

Dada yako


Alhamisi, 20 Machi

Dada,

Ukimaliza kusoma hii ichome. Mama usimsomee.

Barua yako ilikuwa bado njiani, kwa hiyo sikulaumu. Nilifanya mwenyewe.

Jumanne ile ya tarehe 11 mshale ulifika kwenye alama saa moja kasoro dakika ishirini. Nilipaswa kusubiri mpaka saa moja na dakika kumi. Nilikuwa nimewahi sala siku tano mfululizo kwa kukimbia, maana siku hizo mshale ulifika mapema, na jana yake Sista alinisifu mbele ya wenzangu. Nikasikia kengele ya kwanza. Nikaangalia vifurushi vya mzigo huo wa kwanza, vilikuwa vinne tu, vidogo, nikasema moyoni, moto ni moto. Nikafunga mvuke baada ya dakika kumi na tano badala ya thelathini. Nikaandika thelathini kwenye daftari. Nikakaa kiti cha mbele kanisani nikiwa nimelowa jasho, na Sista akanitabasamia.

Kila kifurushi tunakifunga kwa utepe wenye mistari, tunaandika juu yake siku na mzigo. Ukipata joto mistari inageuka myeusi. Ule wa kwangu uligeuka, kwa sababu utepe hauhesabu dakika, unasikia joto tu. Kwa macho huwezi kujua. Ninayejua ni mimi.

Jana ilikuwa zamu yetu ya kukaa na wagonjwa. Sista hutugawia kwa vikaratasi, unachomoa kimoja kwenye kikapu. Nilichomoa cha mama mmoja fundi cherehani. Alikatwa mkono na kioo cha dirisha, tarehe 12 akafanyiwa upasuaji wa kuunga mishipa ya vidole. Mkono umevimba kama mkate ulioumuka, na unanuka. Pale kitandani kuna karatasi zake, na nesi wa upasuaji huwa anabandika kipande cha utepe wa kifurushi kilichotumika. Nilisoma mwandiko wangu mwenyewe: Jumanne, tarehe 11, mzigo wa kwanza.

Nilikaa saa nzima. Akaniuliza, "Kaka, wewe kazi yako nini hapa?"

Nikasema nachemsha vyombo.

"Basi ni wewe unayetulinda," akasema, akanipa mkono wake mzima nimsalimie.

Daktari amesema huenda uchafu uliingia na kile kioo. Neno hilo huenda nalikumbatia kama blanketi. Lakini vifurushi vitatu vya mzigo ule viko kabatini chumba cha upasuaji, na funguo anashika nesi mkuu. Kila kitanda kinachosukumwa kupita mlangoni kwangu nainuka kuangalia kinaelekea wapi. Nikisema, kazi imekwenda, nyumba imekwenda, na huenda polisi waje. Nisiposema, unajua mwenyewe.

Niambie la kufanya. Wewe ndiye uliyenilea.

Kobe


Jumatatu, 24 Machi

Kobe,

Nimeichoma. Nilibaki nimesimama mpaka ikawa majivu.

Nyamaza. Unanisikia? Nyamaza kabisa. Daktari aliyesoma miaka yote ile amesema ni kioo. Wewe wa darasa la sita ndiye utakayemsahihisha? Tafuta namna uvitoe vile vitatu polepole uvichemshe tena, nusu saa yako, saa nzima ukitaka, urudishe. Basi, imekwisha. Yule mama Mungu atamponya, ndiyo kazi yake.

Ukifukuzwa unarudi kufanya nini? Hapa hakuna kazi. Nimekulea kwa kufulia watu, vidole vyangu nikivikunja asubuhi vinalia. Nisingependa nikuone nyuma ya nondo kwa sababu ya robo saa.

Kuhusu Mama, kuna jambo nimelipanga. Sikuambii. Utalisikia likibisha mlangoni kwako.

Usiandike tena mambo haya kwenye karatasi.

Dada


Jumamosi, 29 Machi

Dada,

Nimeandika tena kwenye karatasi. Nisamehe.

Ushauri wako niliutekeleza kabla haujanifikia, maana akili zetu zilitoka tumbo moja. Ijumaa ya tarehe 21 nilimdanganya nesi mkuu kwamba kuna vitambaa vimechanika nataka kuvibadilisha. Akanifungulia kabati. Nikapata vifurushi viwili. Cha tatu hakikuwepo.

Nilikitafuta wiki nzima bila kumwambia mtu ninachotafuta. Nilifungua makabati ya wodi zote nikijifanya nahesabu mashuka. Kila nesi aliyebeba kitu cha kijani nilimfuata nyuma kama mwizi. Mpishi akaniambia, "Wewe siku hizi unanusanusa, umepoteza mke?" Na Jumatano nikarudi kukaa na fundi cherehani, maana ukishachomoa karatasi mgonjwa ni wako mpaka atoke. Walikuwa wamemkata vidole viwili asubuhi hiyo. Kidole gumba na cha shahada, mkono wa kulia. Hakuwa analia. Alikuwa anajaribu kushika ncha ya shuka kwa vidole vilivyobaki, inamponyoka, anaishika tena.

Barua yako ilifika Alhamisi. Niliisoma mara tatu.

Jana, Ijumaa, duara. Sista akaanza upande wangu. "Wiki hii ulikimbia wapi?" Nilikuwa nimeandaa uongo mzuri kuhusu kuvunjika moyo. Nikafungua mdomo, kikatoka kingine. Nikasema, "Sista, kuna kifurushi hakikuiva na sijui kiko wapi."

Nikasema yote: dakika, daftari, vile viwili nilivyoiba, vidole. Mpishi alikuwa anaangalia viatu vyake. Nilingoja Sista anitukane, au alie, au aanze sala. Hakufanya hata kimoja. Aliuliza, "Kina nini ndani?" Nikasema mikasi miwili, koleo, sindano. "Kilionekana mara ya mwisho lini?" Sijui. Akasimama na mguu wake mbovu, akasema duara limekwisha, kila mtu aende idara yake akatafute, na upasuaji wote usimame kuanzia dakika hiyo.

Kilikutwa baada ya saa mbili, ndani ya sanduku la gari la wagonjwa, lile linalokwenda kuchukua wazazi vijijini. Hakijafunguliwa. Dereva alisema juzi nusura wakitumie, ila mtoto alitoka mwenyewe.

Upasuaji umefungwa wiki nzima mpaka mashine ikaguliwe na kabati lote lichemshwe upya. Mimi nimeondolewa kwenye mashine, nasukuma mafagio kwenye korido. Kamati ya hospitali itanihoji mwezi ujao. Mmoja wa wajumbe ameshasema mbele yangu kwamba mtu kama huyu hapewi onyo, anapewa pingu.

Leo asubuhi Sista alitukusanya sote, wauguzi, wafuaji, hata mlinzi wa geti. Akasema, "Huyu amekosa na atajibu. Mimi pia nimekosa. Nilimdhihaki kwa kuchelewa, nikamsifu kwa kuwahi, sikuuliza mara moja amewezaje. Kuanzia kesho sala itaanza mashine ikimaliza." Halafu akakohoa, akatutuma kazini.

Usidhani niliponea hapo. Naogopa zaidi ya mwanzo. Mwanzo nilikuwa naogopa peke yangu, sasa nikipita watu wananyamaza.

Kobe


Jumapili, 30 Machi

Kobe,

Naandika kwa hasira, utanisamehe mwandiko.

Jambo nililokuficha ndilo hili. Gari la macho la masista wako lilipita huku kuandikisha wazee. Nikamwandikisha Mama. Nilijua ungekataa kwa sababu ya chumba chako na mkoromaji wako, kwa hiyo nikanyamaza. Upasuaji ulikuwa ufanyike kesho, Jumatatu. Jana alfajiri nikamwogesha, nikamvalisha gauni la bluu, akapanda na wazee wengine wanane. Alikuwa na furaha kama bibi harusi. Alisema ataanza kukuangalia wewe, kisha ndio atazame vitu vingine.

Saa sita mchana gari likarudi. Dereva alipigiwa simu njiani, akaambiwa upasuaji umesimamishwa, hakusema kwa nini. Na daktari wao wa macho huja mara mbili tu kwa mwaka.

Mama ameketi na gauni lake la bluu tangu jana, hataki kulivua.

Imekuwaje huko? Mashine imeharibika? Wewe si ndiye wa mashine? Nijibu upesi. Nimepatwa na wazo baya na sitaki kuliandika.

Dada


Jumamosi, 5 Aprili

Kobe,

Barua yako imefika. Niliisoma nimesimama.

Siku mbili sikukujibu. Nilikuwa nakutukana ndani ya kichwa changu kwa majina yote ninayoyajua, na mengine nikayatunga. Nilikuambia unyamaze. Ungenyamaza, Mama angekuwa anaona sasa. Nililisema hilo kwa sauti jikoni, nikidhani Mama amelala. Akauliza, "Angenyamaza kuhusu nini?"

Basi nikamsomea. Zote, hata ile niliyoichoma, nilimwambia kwa kichwa. Sikuruka mahali. Hata pale nilipokuambia unyamaze.

Mama akauliza wale wazee wa gari walikuwa wangapi. Nikasema tisa pamoja na yeye. Akauliza kifurushi cha tatu kilikutwa wapi. Nikasema ndani ya gari. Si gari lao, gari lingine. Akasema, "Wewe ulijua hivyo ulipokuwa unanivalisha gauni?"

Nilijua kimoja tu, Kobe. Nilijua kuna vifurushi vibovu kwenye kabati, nikajiambia utakuwa umeshaviondoa. Nikampandisha mama yetu kwenye gari kwa kujiambia. Tangu alipouliza sijapata usingizi wa kueleweka. Nakosa hata mtu wa kumlaumu, maana aliyefanya hivyo ni mimi.

Hajasema amekusamehe. Hajasema hajakusamehe. Amesema nikuulize kama umemwambia yule fundi cherehani.

Dada yako


Jumamosi, 12 Aprili

Dada yangu,

Shikamoo. Mwambie Mama jibu ni ndiyo, tangu jana.

Daktari alishamweleza wiki iliyopita kwamba vyombo havikuchemka vizuri na hospitali inabeba lawama. Jina halikutajwa. Kwa hiyo nilikuwa nimekwenda kukaa naye Jumatano mbili nikijua anajua nusu, na yeye ananihadithia mambo ya mafundi wenzake kama kawaida. Mpaka barua yako ilipokuja na swali la Mama.

Nikaenda kwa Sista kuomba ruhusa. Alikuwa anashona kifungo cha sweta yake. Hakuniangalia. "Ruhusa ya nini? Mdomo ni wako." Kisha akasema, "Ila usiende ili usamehewe. Ukienda kwa hilo, utakuwa umempa mgonjwa kazi ya kukuhudumia. Nenda kwa sababu ni haki yake kumjua mtu."

Nilisimama nje ya mlango wa wodi kama mtu aliyesahau njia. Nikaingia. Hakukuwa na maneno mazuri, Dada. Nilisema, "Mama, vyombo vyako nilivichemsha mimi. Nilizima kabla ya wakati nikaandika uongo."

Akanitazama. "Ulizima dakika ngapi kabla?"

"Kumi na tano."

"Ulikuwa unakimbilia wapi?"

Ningeweza kusema chochote. Nikasema, "Kusali."

Akacheka. Sijawahi kusikia kicheko kibaya namna ile, wagonjwa wa jirani waligeuka. Akacheka mpaka akashika mkono uliofungwa bandeji, maana ulimwuma. Kisha akageuka ukutani. Nikabaki nimekaa, sijui niondoke au nibaki. Wamama wa vitanda vya pembeni walikuwa wamesikia. Mmoja akasema, "Toka hapa, muuaji." Sikutoka, si kwa ushujaa, ila yeye mwenyewe hakuwa amenifukuza.

Fundi cherehani akasema bila kugeuka, "Nina watoto watatu na cherehani mbili. Nani atakata kitambaa?"

Kisha akasema, "Leo nina homa, sina nguvu za kukutukana vizuri. Kesho uje, saa nne, daktari akishapita. Mume wangu atakuwepo. Usipokuja nitajua wewe ni mtu gani."

Hiyo kesho ndiyo leo. Mumewe nimemwona akiingia getini, ni mpasua mbao, ana mabega kama mlango. Kamati bado. Polisi sijui. Mpishi ameniletea uji, ameweka mezani, amesema, "Kunywa, bwana, huwezi kuzimia mbele ya watu na tumbo tupu," akaondoka haraka kabla sijamshukuru.

Nimeandika haya kwenye benchi la korido, kwa hiyo mistari inapanda na kushuka. Saa nne kasoro dakika tatu. Daktari ametoka sasa hivi wodini. Mlango uko wazi, na yule bwana amesimama, ananiangalia.

Naingia.

Mdogo wako